SOMO: KUSAFISHA FILAMU NYUMBANI KWA DAWA MBILI



Studio nyingi zimeacha kusafisha filamu za nyeusi na nyeupe, lakini filamu zenyewe bado zinauzwa. Katika somo hili tunajifunza kuzisafisha nyumbani.

Tatizo letu
Mikutano yetu mingi hufanyika juani. Kwaya imevaa kanzu nyeupe, na kina mama wamekaa chini ya mwembe. Dawa ya kawaida ikizidi muda au joto, kanzu hutoka nyeupe tupu. Tukipunguza muda, nyuso za walio kivulini humezwa na weusi. Siku ya ubatizo hairudiwi, na haifai mtu aliyekuwapo asionekane.

Jinsi dawa mbili zinavyosaidia
Filamu hunywa dawa A kama sifongo. Ikiingia katika dawa B, dawa iliyonywewa huamka na kufanya kazi. Palipopigwa na mwanga mwingi, dawa huisha haraka na kazi husimama. Kivulini hutumika kidogo kidogo, hivyo kazi huendelea. Kanzu hubaki na mikunjo yake, na nyuso hujitokeza.

Vipimo (kanuni ya Stoeckler)
Dawa A: metoli gramu 5 na sodiamu salfaiti kavu gramu 100, kwa lita 1 ya maji.
Dawa B: boraksi gramu 10 kwa lita 1 ya maji.
Tumia maji ya uvuguvugu yaliyochujwa. Tia salfaiti chembe chache, kisha metoli. Ikiyeyuka, malizia salfaiti. Acha zipoe.

Hatua
1. Ingiza filamu katika tangi kwenye giza totoro. Usiiloweshe kwanza.
2. Dawa A, nyuzi 20, dakika 4. Geuza tangi taratibu kila nusu dakika. Rudisha dawa chupani, itatumika tena.
3. Bila kusuuza, mimina dawa B, dakika 3. Geuza mara moja tu kila dakika; ukizidisha, dawa iliyonywewa itaoshwa.
4. Suuza kwa maji, kisha tia fiksa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.
5. Osha: jaza maji, geuza mara 5, mwaga, jaza tena, geuza mara 10, mwaga, kisha mara 20. Maji ya bomba yasiyokoma si lazima, mradi fiksa si ya kugandisha filamu.
6. Tundika pasipo na vumbi.

Tahadhari
Dawa A nayo husafisha, hivyo joto bado lina maana. Poza chupa kwa maji ya mtungini. Usiache B iingie ndani ya A. Dawa hizi haziokoi kivuli ambacho kamera haikukipa mwanga: pima mwanga usoni, si kwenye kanzu.

Vaa glavu, kwa kuwa metoli huwasha ngozi. Usitumie vyombo vya jikoni. Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha yenye sumu kwa viumbe wa majini: usiimwage karibu na kisima wala mto. Ihifadhi na kuipeleka kwa wanaokusanya taka za kemikali. Huo nao ni uwakili.

Maswali ya kujadili
1. Katika picha za usharika wenu, ni nani hukaa kivulini mara kwa mara?
2. Nani atatunza negativu zenu, na wapi?