Dawa Kutoka Udongoni na Jino Linalouma

Mvua ya kwanza inapogusa ardhi kavu, iwe Mufindi au Uporoto, sote tunaijua ile harufu ya udongo. Kwa sehemu kubwa hutokana na bakteria wa udongoni waitwao Streptomyces. Hao ndio waliotupatia dawa nyingi za wodini.

Mwaka 1943, huko New Jersey, Marekani, Albert Schatz, mwanafunzi wa Profesa Selman Waksman, aliipata streptomaisini kutoka kwa bakteria hao. Wazee wetu waliougua kifua kikuu wanazikumbuka sindano zake. Kutafuta dawa ya namna hiyo huanza na kijiko cha udongo. Hukorogwa katika maji safi, kisha tone lake hupakwa juu ya chakula cha vijidudu kwenye kisahani. Bakteria wakiota, huwekwa karibu na vijidudu vya ugonjwa. Pakitokea duara tupu ambamo vijidudu hivyo havioti, mtafiti anajua kuna kitu kinachoua.

Basi, mbona haitafutwi ya meno? Inatafutwa. Kijidudu kikuu kinachoozesha meno, Streptococcus mutans, kilielezwa na J. Kilian Clarke huko Uingereza mwaka 1924. Maabarani hufa kwa penisilini, hata kwa erithromaisini, iliyotoka kwenye udongo wa Ufilipino. Lakini mdomoni hukaa ndani ya utando unaoganda juu ya jino, na kila tulapo sukari hutoa asidi inayolila jino. Ukimaliza dozi, vijidudu hurudi. Tena dawa haizibi tundu, na jino likishafa ndani halina damu ya kuifikisha humo.

Mama mmoja alituletea mtoto wa miaka sita, shavu limevimba. Mara tatu alikuwa amempa vidonge vya rangi mbili vya dukani, akiacha maumivu yakipoa. Hatukumlaumu, nauli ya kuja hospitali ni kubwa kuliko bei ya vidonge. Lakini usaha ulikuwa umeendelea chini ya jino, na ilibidi ling'olewe.

Tetrasaiklini nayo ilitoka udongoni. Mjamzito asipewe, wala mtoto chini ya miaka 8: meno yanayojengeka hugeuka rangi ya njano au kahawia, na hayasafishiki.

Wala mtu asije akasugua meno kwa udongo! Udongo huohuo una vijidudu vya pepopunda na mayai ya minyoo. Mswaki mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floraidi, unatosha. Pipi na soda zisiwe za kutwa nzima.

Uvimbe ukishuka shingoni au ukipanda kuelekea jichoni, au mgonjwa akipata homa, akashindwa kumeza au kufungua mdomo, mleteni siku hiyohiyo, hata usiku.