Presha Hii Imetoka Wapi, Dada?

Leo barua za ndoa na za mawifi zitangoja kidogo, maana kuna moja kutoka Texas imenikaa rohoni. Aliyeiandika ni Mtanzania wa miaka 41, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Analala mchana, anakesha usiku, na wikiendi anaongeza zamu nyingine ili hela ya kutuma nyumbani itimie. Anasema: "Dada, daktari kaniambia nina presha. Sivuti sigara, sinywi pombe, chumvi natia kidogo, na kutwa niko kwa miguu. Mama ana miaka 68, yuko Moshi, presha haijui. Nilipompigia simu akaniambia nikaze roho, wanawake wa kwetu hawalegei. Sasa presha hii imetoka wapi?"

Mdogo wangu, daktari wako ndiye atakayejua yako mahususi. Ila kuna jambo linalowahusu wengi wanaofanana nawe, na sijui kama kuna mtu amewahi kukueleza.

Binadamu akishtuka, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hukimbia, presha hupanda, sukari humiminika kwenye damu ili upate nguvu za kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, kila kitu hurudi mahali pake. Sasa fikiria hatari isiyopita: kodi ya nyumba, makaratasi ya uhamiaji, msimamizi wa kazi anayekusimanga, ada ya mdogo wako. Mwili unabaki umesimama kwenye lindo miaka nenda rudi. Mwaka 1993 Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, pamoja na Eliot Stellar, walieleza kwamba lindo hilo lina gharama. Gharama yenyewe inapimika. Utaiona kwenye presha, sukari, lehemu, uzito na utendaji wa figo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Vipimo vinatuonyesha nani amebeba usufi na nani amebeba mawe.

Mwaka 2006 Arline Geronimus wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walitoa matokeo ya vipimo kumi vya aina hiyo, kutoka kwa watu wazima wa Marekani wa miaka 18 hadi 64. Weusi walionekana kuchakaa mapema kuliko Wazungu: katika kila rika, wastani wao ulikaribiana na wa Wazungu waliowazidi miaka kumi. Ujanani tofauti ilikuwa ndogo, ikapanuka zaidi kuanzia miaka 35. Na waliolemewa kuliko wote walikuwa wanawake weusi. Wa kwanza walikuwa wale maskini, hilo ungelitegemea. Lakini wa pili hawakuwa wanaume weusi maskini wala Wazungu maskini. Walikuwa wanawake weusi wasio maskini! Yaani mshahara mzuri haukutosha kuwatua mzigo.

Najua kuna anayesema moyoni, "Basi ni damu yetu hiyo, tumezaliwa nayo." La hasha. Madaktari Richard David na James Collins waliangalia uzito wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Watoto wa Wazungu wa Marekani walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Watoto wa wanawake weusi waliozaliwa Marekani, gramu 3,089. Na watoto wa wanawake waliozaliwa Afrika? Gramu 3,333, karibu zaidi na wale wa Kizungu. Ingekuwa ni damu, mama Mwafrika ndiye angezaa mtoto mdogo kuliko wote. Inachowafanyia watu ile nchi ndicho cha kutazama: kufuatwafuatwa dukani kama mwizi, kuulizwa mara mbili kama kweli wewe ndiye muuguzi, kumhofia mwanao akisimamishwa na polisi. Kila kimoja ukikitazama peke yake ni kidogo. Vikijirudia miaka ishirini, mwili unavilipia.

Sasa nije kwenye lile neno la mama, kaza roho. Mama kasema kwa upendo, na kwa maisha yake lilimfaa. Lakini msikie huyu. Huko North Carolina alikuwapo mkulima mweusi aliyeitwa John Henry Martin, aliyezaliwa mwaka 1907. Shuleni hakuvuka darasa la pili, akajifundisha mwenyewe kusoma. Alifanya kazi usiku na mchana, na alipofikia miaka 40 alikuwa na ekari 75 za shamba. Alipokaribia umri wa miaka 60 alikuwa na presha, viungo vinamuuma, na vidonda vya tumbo vikali hata akakatwa sehemu ya tumbo. Mtafiti Sherman James alipozungumza naye ndipo akaanza kuchunguza kama kujikaza kupita kiasi, huku uwezo ni mdogo na vikwazo ni vingi, kunapandisha presha. Baadhi ya tafiti zilizofuata zimeonyesha hivyo. Bidii ilimpa yule mzee shamba, na bidii ikamdai afya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikwambii uache kazi. Nakwambia haya.

Dawa ya presha ukiandikiwa, imeze kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Marekani, tangu mwaka 2017, presha inahesabiwa kuwa ya juu kuanzia 130 kwa 80, kwa hiyo usijipe moyo kwa namba za zamani. Omba na kipimo cha sukari kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Huna bima? Tafuta kituo cha afya cha jamii. Huko unalipa kulingana na kipato chako.

Zamu ya ziada ya wikiendi, ipunguze. Kaa na familia kwa simu, uwaambie kiasi utakachotuma kila mwezi, na usikiongeze kwa kila dharura ya binamu. Anayekupenda ataelewa. Asiyeelewa atazoea.

Ijue pia sheria ya likizo ya familia na matibabu ya mwaka 1993. Kama mwajiri wako ana wafanyakazi 50 au zaidi, nawe umemfanyia kazi mwaka mzima, kwa saa zisizopungua 1,250, kwa kawaida una haki ya kupumzika hadi wiki 12 kwa maradhi mazito bila kupoteza kazi. Mshahara hutalipwa, lakini kazi utaikuta. Na usiku ukiona mawazo yanakuzidi, piga 988, namba ya msaada. Ni bure, saa zote.

Kaka zangu mnaosoma kwa kuibia, msipite kimya. Kutangulia kwa wanawake kwenye mzigo hakuwafanyi ninyi kuwa salama. Wengi wenu mnaijua presha siku mnapoanguka nayo.

Nyinyi mlio chini ya miaka 35, hapo mlipo pengo bado ni dogo. Anzeni kupima sasa. Maduka mengi ya dawa huko yana mashine ya presha ya bure karibu na dirisha la mfamasia: pita wiki hii kabla ya zamu, andika namba zako, na mwezi ujao pima tena.