SOMO LA BUSTANI: NYANYA KATIKA NDOO



Wengi wetu hapa Vingunguti hatuna shamba. Tuna kibaraza, ukuta na ndoo kuukuu. Hata hivyo nyanya huota. Mwaka wetu wa kwanza tulipanda ndoo sita. Miche ilistawi, ikachanua, nasi tukaanza kuhesabu matunda. Lakini kila tunda lilipokua lilitokea baka jeusi kitakoni, likabonyea. Tukasema, "Udongo hauna nguvu," tukaongeza samadi mbichi. Baada ya siku chache kingo za majani zikakauka, na miche mitatu ikafa. Tulikosea mara mbili. Katika somo hili tutaona tulikosea wapi.

1. Udongo na samadi

Shambani mizizi huenda mbali kutafuta chakula; katika ndoo haina pa kwenda. Kwa hiyo udongo wa ndoo hauna budi kuwa mwepesi, wenye kushika maji bila kuyatuamisha. Sisi huchanganya mafungu mawili ya udongo mzuri, fungu moja la samadi iliyooza au mboji, na fungu moja la pumba za mpunga au usumba. Usumba uliolowekwa baharini uoshwe mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi. Mchanga wa pwani tusiutumie.

Samadi mbichi huunguza mizizi, tena yaweza kubeba vijidudu vya maradhi. Ilundikwe, ifunikwe, igeuzwe mara kwa mara kwa miezi mitatu au zaidi. Ikiwa tayari haina joto wala harufu kali, na hupukutika mkononi kama udongo.

Tuangalie pia udongo tunautoa wapi. Katika miaka ya 1990 taka za jiji zilimwagwa hapa Vingunguti, na wataalamu waliopima udongo na mboga za bonde la Msimbazi wamekuta humo risasi na metali nyingine zenye sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kutiwa samadi. Hii ndiyo faida kubwa ya ndoo: twaweza kuchagua udongo wake. Tuuchukue mahali pasipowahi kuwa jaa, gereji wala njia ya majitaka.

2. Kuoza kitako

Baka lile jeusi si ugonjwa wa kuambukiza, wala dawa ya kunyunyizia wadudu hailiponyi. Tunda limekosa kalsiamu, madini yaliyomo katika chokaa na mifupa. Mara nyingi madini hayo yamo udongoni, lakini hupanda pamoja na maji. Ndoo ikikauka mchana kutwa kisha ikagharikishwa jioni, njia hiyo hukatika, na kitako cha tunda ndicho hukosa kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi huzidisha tatizo. Samadi nyingi nayo hukuza majani upesi, nayo majani huvuta maji kuliko tunda.

Basi tufanye hivi: mche mmoja kwa ndoo ya lita 20, matundu chini, nyasi kavu juu ya udongo. Kila asubuhi tuchovye kidole. Pakiwa pakavu kwa kina cha pingili mbili, tumwagilie mpaka maji yatoke chini. Siku za joto kali tuangalie tena jioni. Maganda ya mayai yaliyotwangwa yafaa kuchanganywa kabla ya kupanda, lakini huyeyuka polepole mno. Hayataokoa tunda la wiki hii. Matunda yaliyoharibika tuyachume, mche uhudumie mengine.

3. Matatizo mengine

Maua kupukutika: mara nyingi ni joto la usiku. Hapa Dar es Salaam yafaa kusia mbegu Aprili au Mei, ili maua yakute kipupwe.

Mche kunyauka ghafla ungali kijani: tukate shina, tulitie katika glasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe kama maziwa, ni mnyauko wa bakteria. Mche uchomwe, na udongo ule usipandwe tena nyanya, bilinganya wala pilipili.

Michirizi myeupe majanini na matundu katika tunda: huenda ni kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Majani hayo yachumwe mapema na kuchomwa.

Tulipopanda tena hatukuongeza kitu chochote udongoni. Tulibadili saa za kumwagilia tu, na vitako vikatoka vizima. Kabla ya kuulaumu udongo, tuulize kwanza habari za maji.

Maswali ya kujadiliana

1. Udongo wa ndoo zetu umetoka wapi, na mahali pale palikuwa nini zamani?
2. Tukisafiri siku mbili, nani atamwagilia?
3. Kwa nini samadi zaidi yaweza kuongeza kuoza kitako?