Mbarika na Mbwa wa Nyumbani
Soma: 2 Wafalme 4:38-41.

Mbarika huota karibu na nyumba nyingi. Je, ni hatari kwa mbwa? Ndiyo. Sumu kali imo katika mbegu zake zenye madoa, zinazofanana na kupe. Mbwa akizitafuna hutapika, huhara, pengine damu, hulegea, na huweza kufa. Mtoto vilevile.

Dalili huweza kuchelewa saa nyingi. Usingoje! Mpeleke mtoto hospitali upesi; mbwa, kwa mganga wa wanyama.

Mafuta safi ya mbarika ni dawa, lakini makapi yana sumu. Mbwa asiyafikie.

Ng'oa mbarika ulio karibu na mlango. Okota mbegu zote, uzitupe katika shimo la choo.

Yule aliyechuma matango-mwitu hakujua. Wewe umekwisha kujua.

Swali: Ni mti gani umeota uani kwako?