Arbuni ya Gari

Swali: Bwana Mhariri, nilitoa arbuni ya shilingi 50,000 kwa gari lililokwisha tumika, hapa Mombasa, kisha nikaghairi. Je, nitarudishiwa?

Jibu: Ndugu yangu, kwa kuwa sheria ya mikataba ya Kenya imefuata ile ya Uingereza, arbuni iliyotolewa ili iwe dhamana ya ahadi humpotea mnunuzi aghairiye pasipo sababu, ilhali fedha iliyokuwa sehemu tu ya thamani hurudishwa, muuzaji akiisha kukata hasara yake, basi itazame stakabadhi, nayo ikiwa imetaja kiasi tu (wauzaji wengi ni wavivu wa kalamu), hoja unayo. Lakini iwapo muuzaji alirudisha nyuma hesabu ya kilomita za gari, hapo umehadaiwa, na fedha yote ni haki yako. Mdai kwa barua, ubaki na nakala.