SOMO: NOZELI INAPOVUJA, TUULIZE "WAPI?" KABLA YA KUULIZA BEI



Gisimenti, hapa Remera mjini Kigali, ndipo wengi wetu tunapokusanyika alfajiri kungoja gari la kwenda viwandani Masoro. Ndipo pia tunaposhushwa usiku zamu ya pili inapokwisha. Kwa kuwa usiku usafiri ni wa shida, kikundi chetu cha akiba, ambacho kwa Kinyarwanda huitwa ikimina, kilichanga na kununua gari la dizeli lililokwisha kutumika, la aina ile ambayo watu wa hapa huiita twegerane. Halikuwa gari la anasa. Lilikuwa la kuwafikisha nyumbani salama mama zetu na dada zetu wa zamu ya usiku.

Siku moja gari lilianza kutoa moshi mweupe kila lilipowashwa asubuhi. Chini ya viti vya mbele, mahali injini ilipo, tulisikia mlio wa chi-chi-chi kama wa cherehani, na harufu kali ikaingia ndani. Tulilipeleka kwa wakala wa magari. Muda si mrefu tukapewa karatasi: nozeli zote nne zibadilishwe, ziwekwe mpya. Bei yake ilishinda akiba yetu ya mwaka mzima.

Tulifanya mkutano. Baadhi walisema tukope. Wengine walisema gari liuzwe. Ndipo dada mmoja, mwendesha mitambo kiwandani, akauliza: "Lakini linavuja wapi?" Hakuna aliyeweza kujibu, na karatasi ya wakala nayo haikusema. Somo letu la leo linatokana na swali hilo.

KAZI YA NOZELI

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha mafuta. Pistoni hubana hewa ndani ya silinda mpaka hewa iwe moto sana, kisha dizeli hupulizwa humo kama ukungu mwembamba na kuwaka yenyewe. Mjerumani Rudolf Diesel alifanikisha injini ya namna hii mwaka 1897, na kanuni yake haijabadilika. Kinachopuliza ukungu huo ndicho nozeli, na kila silinda ina yake.

Katika injini za zamani, pampu husukuma dizeli kupitia vibomba vya chuma, na nozeli hufunguka presha inapofika kiasi cha mara 100 hadi 150 ya presha ya hewa ya kawaida, au zaidi kwa baadhi ya injini. Katika injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, presha hupita mara 1,000. Wenzetu wa mashamba ya chai wasidhani somo hili ni la watu wa mjini tu. Trekta, lori la kubebea majani na jenereta ya kiwanda, zote zina nozeli.

MAHALI PATATU PA KUVUJA

Kwanza, nje. Dizeli hutoka kwenye nati ya kibomba, au kwenye mpira mdogo unaorudisha mafuta ya ziada kwenye tangi. Utaona unyevu na vumbi lililoganda. Aghalabu dawa yake ni kukaza nati au kubadilisha mpira, kazi ya muda mfupi. Lakini tusiipuuze: dizeli ikidondokea bomba la moshi lenye moto, gari laweza kuungua na watu ndani.

Pili, kwenye kitako cha nozeli. Hapo pana washa ya shaba inayoziba nafasi kati ya nozeli na kichwa cha injini. Washa ikichoka, hewa ya moto ya silinda hupenya na kutoa mlio wa chi-chi-chi, na masizi meusi kama lami huganda pembeni. Fundi humwaga maji ya sabuni kidogo kuzunguka kitako. Injini ikinguruma na mapovu yakitoka, ugonjwa umejulikana. Washa ni kipande kidogo cha bei nafuu. Ila ikiachwa muda mrefu, masizi yanaweza kuingia katika oili, yakaziba chujio lake, na injini nzima ikafa kwa kukosa oili.

Tatu, kwenye ncha, ndani ya silinda. Badala ya kupuliza ukungu, nozeli hudondosha matone. Dalili zake ni moshi, mgongano wa injini ikiwa baridi, na mafuta kuliwa kupita kiasi. Tena tuangalie kijiti cha kupimia oili: kiwango kikipanda badala ya kushuka, yawezekana dizeli inaingia ndani ya oili. Gari la namna hiyo lisiendeshwe. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho. Sharti nozeli ifunguliwe na kuwekwa kwenye mashine ya kupimia.

GARI LETU LILIKUWA NA NINI?

Tulilipeleka Gatsata, upande wa kaskazini wa mji, kwenye mafundi wengi wa magari. Fundi alimwaga maji ya sabuni, na mapovu yakatoka kwenye nozeli ya pili. Akazifungua zote nne na kuzipima mbele yetu. Tatu zilipuliza vizuri. Moja ilidondosha. Basi gari letu lilihitaji ncha moja na washa nne mpya, kwa maana washa iliyokwisha kubanwa hairudishwi. Tulilipa sehemu ndogo tu ya bei ile ya kwanza, na juma lile lile zamu ya usiku ikapanda gari lake.

TUSIDANGANYIKE KWA UPANDE WA PILI

Hatusemi kwamba kila wakala ni mwizi, wala kwamba kila fundi wa kando ya barabara ni mkombozi. Injini za kisasa zina nozeli zenye namba maalum ambazo mara nyingi lazima ziingizwe katika kompyuta ya gari. Kazi hiyo yataka vyombo na elimu. Fundi anayegonga nozeli kwa nyundo, anayepachika washa mpya juu ya ile ya zamani iliyobaki shimoni, au asiyesafisha masizi kitakoni, atatuletea hasara kubwa kuliko ya wakala. Rahisi huzaa ghali.

Kwa hiyo, popote tunapokwenda, tudai mambo manne:

1. Tuonyeshwe mahali panapovuja.
2. Kila nozeli ipimwe peke yake, nasi tukiwapo.
3. Tuandikiwe bei ya vipuri mbali na bei ya kazi.
4. Turudishiwe vipuri vya zamani vilivyotolewa.

Fundi mwaminifu hatachukia kuulizwa. Nasi tutimize wajibu wetu: tutoe maji yaliyokusanyika katika chujio la dizeli, na tulibadilishe kwa wakati wake. Maji na uchafu ndio maadui wakubwa wa nozeli.

HATARI YA MKONO

Ndugu, hili tulishike kuliko yote. Kamwe tusitafute mvujo kwa kidole wakati injini inanguruma. Dizeli yenye presha hutoboa ngozi kama sindano. Kidonda huonekana kidogo kama cha mwiba, maumivu huenda yasiwe makali mwanzoni, na mtu hurudi kazini. Kumbe mafuta yanaharibu nyama ndani, na mkono unaweza kukatwa. Tutumie kipande cha boksi badala ya mkono. Vilevile, katika injini za kisasa kibomba kisilegezwe hata kidogo injini ikiwa inanguruma. Ajali ikitokea, mwenzetu apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aelezwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa presha.

Dereva au fundi akiambiwa na msimamizi "shika hapo uone", ana haki ya kukataa, nasi tuna wajibu wa kusimama naye. Ubovu wa gari la kampuni uandikwe katika daftari, na tarehe yake, ili kesho dereva asitwikwe gharama ya kitu alichokwisha kukiripoti.

Ujinga wetu ndio uliokaribia kutunyang'anya gari. Hatukuokolewa na fedha, kwa kuwa hatukuwa nazo. Tuliokolewa na swali la mwenzetu mmoja, na mkutano uliokuwa tayari kumsikiliza.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Ni mahali gani patatu nozeli huweza kuvuja, na dalili za kila pahali ni zipi?
2. Kwa nini kidole kisitumike kutafuta mvujo?
3. Je, magari na mitambo ya dizeli mahali petu pa kazi ina daftari la ubovu? Nani huliandika, na nani hulisoma?
4. Ni gharama gani nyingine tunayolipa bila kuuliza "wapi?"