KADI YA DENI: NAMNA ZAKE, HISABU YAKE NA HUKUMU YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Somo letu la leo ni katika mambo ya deni, na khasa deni hili linalotolewa kwa kadi ya benki na kwa simu. Ndugu zetu wa hapa mjini wameuliza mara nyingi: Je, yafaa Mwislamu kuwa na kadi hizi? Na akitaka kuchagua, achague ipi? Wanavyuoni wametufundisha kuwa haijuzu kukihukumu kitu kabla ya kukijua. Basi kwanza tutaeleza linavyokwenda jambo hili, kisha tutaleta hukumu yake, kisha njia ya kutokea kwa aliyekwisha ingia.

DENI KATIKA SHARIA

Deni lenyewe si haramu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, imekuja kwa ajili ya deni: imeamrisha liandikwe, muda wake utajwe, na mashahidi wawekwe. Mtume wetu (S.A.W.) alifariki na hali deraya yake ya chuma iko rahani kwa Myahudi kwa pishi 30 za shayiri. Walakin aliliogopa sana deni. Alikuwa akijikinga nalo kwa Mngu ndani ya sala, na alipoulizwa sababu yake alieleza kuwa mtu akiwiwa husema uwongo, na huahidi asitimize. Ililetwa jeneza ya mtu aliyewiwa dinari 3, naye hakuacha cha kulilipia, Mtume akakataa kuisalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolidhamini deni lile.

Kilichoharamishwa ni ziada inayoshurutizwa juu ya deni kwa ajili ya muda. Hiyo ndiyo ribaa. Aya ya 275 hata ya 279 za Sura hiyo hiyo zimeikemea kwa makali yasiyokuwa katika madhambi mengi, na katika Hadithi ya Jabir (R.A.) wamelaaniwa mwenye kuila, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Basi asidhani mtoaji wa ribaa kuwa yeye ni mdhulumiwa tu asiyekuwa na dhambi.

NAMNA TATU ZA KADI

Kadi zimefanana kwa sura, walakin ndani zimekhitilafiana sana.

Ya kwanza ni kadi inayokata fedha zako mwenyewe ulizoziweka benki. Ukiwa na shilingi 5,000 hununui cha 6,000. Hii haina deni ndani yake.

Ya pili ni kadi ambayo benki inakulipia kwanza, nawe huilipa yote mwisho wa mwezi, wala huna rukhusa ya kubakisha.

Ya tatu ndiyo kadi ya deni khasa. Benki inakupa kiwango, tuseme shilingi 40,000. Unanunua, kisha unaletewa hisabu. Ukilipa yote ndani ya siku za muhula, hutozwi ziada kwa ulivyonunua. Usipoweza, unaambiwa lipa kidogo tu, kinachobaki kitangoje. Hapo ndipo mtego ulipotegwa.

Na tufanye hisabu ya mfano. Tuseme mtu anawiwa 40,000, ziada ni 3.5 kwa mia kila mwezi, na kima cha chini anachotakiwa kulipa ni fungu moja la kumi la deni. Mwezi wa kwanza analipa 4,000, deni linabaki 36,000; ziada ya 1,260 inaingia, deni linakuwa 37,260. Ametoa elfu nne, na deni limepungua 2,740 tu. Akiendelea hivyo miezi 12, asinunue tena hata kibiriti, atakuwa ametoa kiasi cha shilingi 33,470 na bado anawiwa kiasi cha 17,070. Ziada peke yake imepindukia elfu kumi. Na watu wangapi huacha kununua?

Aidha, kutoa fedha taslimu kwa kadi hii aghlabu hakuna muhula: ziada huanza kuhisabiwa siku ile ile.

DENI LA SIMU

Asiyekuwa na kadi asijione yu salama. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza 7.5 kwa mia kwa siku 30. Haikuitwa ribaa, iliitwa ada. Na aliyeshindwa kulipa alizidishiwa siku 30 nyengine kwa 7.5 nyengine. Mwenye kukopa 10,000 akairejea kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa 9,000 juu ya rasilmali. Kisha Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo humkamilishia mtu fedha zilizompungukia na kumtoza kwa kila siku ipitayo.

Ndugu zangu, jina halihalalishi kitu. Ada ya kweli ni ujira wa kazi iliyofanywa. Amma tozo linalokua kwa kukua kwa deni na kwa kurefuka kwa siku, hilo ni thamani ya muda, na thamani ya muda juu ya mkopo ndiyo ribaa. Hila hizi si ngeni katika pwani yetu. Katika karne ya 19 wenye mashamba walikopa kwa njia iliyoitwa bei khiyari: mtu akiliuza shamba lake kwa sharti la kulikomboa, huku akibaki ndani yake na kulilipia kodi. Kwa jina ilikuwa bei na kodi, kwa maana ilikuwa mkopo na ribaa, na wengi walipotelewa na mashamba ya baba zao kwa njia hiyo.

HUKUMU

Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa lilikutana Riyadh katika mwaka 2000, na katika azimio lake nambari 108 likakata kuwa kadi ya deni iliyoshurutizwa ziada ya ribaa haijuzu kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenye kuichukua ameazimia kulipa ndani ya muhula. Sababu yake ni wazi: ameweka mkono wake katika mapatano yenye sharti la haramu, na wala hajui kesho yake itakuwaje. Ama ada ya kutoa kadi, iliyo ujira wa khuduma, imerukhusiwa katika kadi isiyo na sharti hilo.

Kwa hivyo mwenye haja ya kadi, kwa safari au kwa kununua vitu vya ng'ambo, achukue namna ya kwanza; inamtosha. Ya pili asiichukue ila akiisha soma mapatano yake na kuyakinisha kuwa hakuna faini ya kuchelewa inayoingia mfukoni mwa benki. Ya tatu aiwache.

Tangu 2008 tunazo hapa Kenya benki zinazojinasibisha na sharia, mfano wa Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa inaitwa Premier Bank. Hata huko usiingie kwa jina tu. Uliza: Je, benki imekimiliki kitu kabla ya kuniuzia? Bei imekatwa moja isiyobadilika? Nikichelewa, tozo linakwenda wapi?

KWA ALIYEKWISHA INGIA

Atubie, asizidishe deni jipya juu ya la zamani, na alipe. Asikimbie kwa kuwa mwia ni benki. Amana ni amana. Aanze na deni lile ambalo ziada yake ni kubwa kuliko yote. Aende mwenyewe kwa mwia kutaka kupunguziwa kabla ya kushitakiwa. Na aijue haki yake. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kimeizuia benki kudai ziada inayopindukia rasilmali iliyobaki siku deni lilipohisabiwa kuwa bovu. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zimewakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mwiwa au kuwapigia jamaa zake kumfedhehesha. Na madaftari ya wenye madeni, yaliyoanza kupewa leseni 2010, humpa kila mtu khabari zake bila malipo mara moja kwa mwaka. Aziangalie, na zikiwa na kosa atake zirakibishwe.

Neno la mwisho ni kwetu sisi sote. Tukitazama kwa insafu tutaona kuwa madeni mengi hayakuletwa na njaa. Yameletwa na arusi za siku tatu, sare za kila shughuli, na kuona haya kusema "sina." Tuyapunguze hayo. Na mwenye wasaa amkopeshe nduguye mkopo mwema, auandike kama Mngu alivyoamrisha, na akimwona yu katika dhiki ampe muhula, kwani ndiyo amri ya aya ya 280. Na kusamehe kabisa ni kheri zaidi. Mji ambao matajiri wake hawakopeshi huwakabidhi masikini wake kwa wala ribaa, na masuala ya hayo yatatufika sote.

Mwenyezi Mngu atutosheleze kwa halali yake tusihitajie haramu yake. Amin.

Wallahu aalam.